Ukicheka, Shika Chaki

Mtu wa kwanza kuniambia ukweli kuhusu mjukuu wangu alikuwa Myao mwenye viatu vyeusi mkononi. Nasema mkononi kwa sababu huko ndiko vilikokaa zaidi. Shule yetu iko njia ya kwenda Msimbati, kwenye mchanga ule unaomeza tairi za gari, na yeye alikuwa na jozi moja ya viatu vya ngozi aliyoipenda kuliko watu wengine wanavyopenda wake zao. Asubuhi utamwona anakuja, suruali imekunjwa hadi magotini, viatu amevikumbatia kama kitoto kichanga. Akifika kwenye kizingiti cha darasa anajimwagia maji ya kopo miguuni, anajifuta, anavaa. Kuanzia hapo hakanyagi tena mchanga mpaka kengele ya mwisho. Watoto wakimwita nje wamwonyeshe nyoka, anachungulia dirishani.

Jina lake silitaji. Hapa kijijini wote tulimwita Mwalimu Mtani, maana Wayao na sisi Wamakonde ni watani. Waliompenda walimwita hivyo, na waliomchukia nao walimwita hivyohivyo, ila kwa sauti nyingine.

Kabla ya yote mnijue mimi. Mimi ni mwenye chumvi. Majaruba yangu yako nyuma ya mikoko na niliyachimba kwa jembe langu, wakati wanaume wa hapa wakisema mwanamke akikanyaga jaruba chumvi inageuka tope. Haikugeuka. Shule nilisoma hadi darasa la tatu, baba akanitoa nikaamie ndege kwenye mpunga wake huko bondeni Ruvuma. Sioni haya kulisema. Nyumba ninayokaa ni ya bati na saruji, na hakuna aliyenijengea. Kwa hiyo ninaposema mwalimu fulani alikuwa mwalimu, msidhani nimebabaishwa na miwani.

Mjukuu wangu anaitwa Somoe. Nimemlea mimi, mama yake akiwa Dar es Salaam anahangaika na maisha. Somoe alikuwa mtoto wa maneno. Alipokuwa mdogo alikuwa akiongea na kuku, akiongea na sufuria, akiongea peke yake chooni mpaka watu wanauliza yuko na nani. Kisha akafika darasa la nne akanyamaza.

Kilichomnyamazisha kilikuwa herufi moja. Wengi wetu Wamakonde wa huku, ulimi wetu na S hawajawahi kuelewana. Sisi ni chichi, samaki ni chamaki. Mimi mwenyewe nasema hivyo mpaka leo, na kwa bahati nzuri chumvi haina S. Basi wakati ule palikuwa na mwalimu mwingine, kijana wa kutoka mbali, akauliza darasani sita mara kumi na moja ni ngapi. Somoe akanyoosha mkono. Akasimama, akasema, "Chitini na chita."

Yule kijana akacheka. Akamwambia rudia. Akarudia. Akamwambia rudia tena, na safari hii darasa zima limeshaelewa kuwa hapa kuna ngoma, wanapiga madawati. Jibu lilikuwa sahihi, hilo mliangalie. Hakuna aliyemwambia kuwa lilikuwa sahihi. Akakaa chini, na tangu siku hiyo darasani hakufungua mdomo. Akiitwa anasimama, anaangalia vidole vya miguu, anasubiri akalishwe. Nyumbani alinijibu kwa kichwa. Asubuhi nilimburuta. Watu wakaanza kuniambia mtoto ana shetani, wengine wakasema ni mzito wa akili, mwacheni achote maji ya chumvi. Mimi nilikuwa nimeapa mtoto huyu hatachota maji ya chumvi. Nilichota mimi, inatosha.

Yule kijana akahamishwa kwa mambo yake mengine, akaja Myao.

Siku ya kwanza, watoto walinisimulia, aliingia darasani akaandika ubaoni neno "mpira". Akaligeukia darasa akasema, "Mimi Myao wa Tunduru. Hiki mimi naita mbira. Nikienda dukani naomba mbunga, siyo mpunga. Marehemu bibi yangu alikuwa akiniambia nisimtie mdu aibu. Sasa, hapa Wamakonde wako wapi?"

Hakuna aliyejibu. Nani ajibu? Mwalimu kasimama anajitukana mwenyewe.

"Wamakonde wote wamekufa? Basi shule hii ni yangu. Nimeirithi."

Hapo mtoto mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akasema, "Hatujafa, mbira wewe!"

Wenzake wakainamia madaftari. Wakajua leo fimbo italia. Myao akacheka mpaka akashika meza, kisha akanyoosha mkono wenye chaki. "Haya. Umecheka kosa langu, na mtani ana haki ya kucheka. Lakini ukicheka, shika chaki. Njoo uandike maneno matano ambayo Wayao tunayaharibu, na useme tunayaharibuje."

Mtoto yule alikwenda ubaoni. Nasikia alitoka jasho kuliko mtu anayepasua kuni, maana kucheka ni rahisi, lakini kuonyesha kwa nini umecheka ni kazi.

Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Mkitaka kuiita kwa maneno makubwa ya semina, iteni. Mimi nilichokiona ni kuwa alikuta watoto wanaogopa kuchekwa, na badala ya kukataza kicheko akakiwekea sheria. Alilipasua darasa pande mbili, akampa kila mtoto mtani wake upande wa pili. Ukikosea, hana ruhusa ya kukucheka mtu mwingine yeyote ila mtani wako. Akikucheka, lazima aje atengeneze kosa mbele za watu. Akishindwa, zamu yako kumcheka. Na anayekasirika analipa, kama ilivyo kwenye utani wa wazee. Malipo yalikuwa kumwagilia miche ya mikorosho nyuma ya ofisi. Mikorosho ile leo inazaa vizuri sana, maana Wamakonde tuna hasira.

Tena aliongeza jambo jingine la utani ambalo wengine wamelisahau. Mtani anaweza kukunyang'anya kitu, hata msibani, na wewe huna budi kukikomboa. Basi asubuhi kabla ya kengele, watoto walinyang'anyana: rula, kofia, ndala. Mwenye mali anaikomboa kwa kujibu swali la yule aliyenyang'anya. Lakini aliyenyang'anya akiuliza swali ambalo hata yeye jibu lake halijui, anapoteza, na chake kinachukuliwa. Mnaona ujanja? Mtoto alikuwa anakesha na kitabu ili kesho apate kumvua mwenzake ndala kwa haki. Wapo watoto hapa waliosoma jiografia ya dunia nzima kwa sababu ya uchu wa ndala za jirani.

Sasa msidhani alikuwa malaika. Alikuwa mtu wa kuudhi. Kusifia hakujui. Mtoto akipata yote, atasema, "Siyo mbaya," na mtoto atarudi nyumbani anaruka, maana hilo ndilo lilikuwa neno lake la juu kabisa. Aliwaambia watoto wasiogope kuchekwa, halafu yeye mwenyewe akifungwa bao anasema kete zimehesabiwa vibaya, anaondoka bila kuaga. Aliogopa bahari kama paka. Kakaa pwani miaka yote hiyo, maji hayajawahi kumpita vifundo vya miguu. Ijumaa alikuwa wa kwanza kufika msikitini na wa kwanza kusinzia kwenye hotuba, na ukimwambia umesinzia anakusomea hotuba yote, neno kwa neno. Mpaka leo sijui alifanyaje.

Fimbo alikuwa nayo. Wageni wakija kukagua shule wanaikuta mezani, wanaridhika. Kazi ya fimbo ile ilikuwa kuegemeza dirisha lisijifunge kwa upepo.

Na utani wake ulikuwa na mipaka, jambo ambalo waliomlaumu hawakuliona. Palikuwa na mtoto mlemavu wa mguu. Siku moja mtani wake akamcheka mwendo. Myao hakupiga kelele. Alimwita yule aliyecheka akamwambia, "Shika chaki, njoo utengeneze." Mtoto akasimama na chaki, hajui atengeneze nini. Akasimama mpaka akalia. "Umeona?" akamwambia. "Kisichotengenezeka kwa chaki hakichekwi." Alipofiwa mtoto mwingine na mama yake, Myao aliufunga utani darasa zima mpaka yule mtoto mwenyewe alipokuja siku moja kumnyang'anya mwenzake rula.

Somoe huyu wangu, mambo yote haya yalimpita pembeni. Mtani aliyepewa ni Zaina, mtoto wa jirani yangu, mwenye pengo mbele na mdomo kama redio. Zaina alimnyang'anya ndala siku ya kwanza tu. Somoe hakuzikomboa. Kuzikomboa ni kujibu, na kujibu ni kusema. Akarudi nyumbani peku, mchanga wa saa saba unawaka, anaruka kivuli hadi kivuli kama kaa.

Kesho yake hivyohivyo. Nilipovumilia nikachoka, nikafunga khanga yangu vizuri nikaenda shuleni.

Nilimkuta kizingitini anavaa viatu. "Shikamoo, Bi Chumvi," akasema. Jina hilo alinipa yeye, na limenibaki.

"Marahaba. Nataka ndala za mtoto wangu."

"Siyo zangu. Ziko kwa mtani wake."

"Wewe ndiye mkubwa hapa. Mwambie azitoe."

"Nikimwambia azitoe, Somoe atakuwa amepata ndala. Hicho tu."

"Nitamnunulia nyingine."

"Nunua, Bi Chumvi. Nazo Zaina atafurahi kuzipata."

Nilimtukana. Nilimwambia yeye ni Myao, watu ambao wakisikia ngoma ya unyago wanaitua maiti njiani wakacheze kwanza. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesifiwa. Kisha akaniambia lile nililosema mwanzo, la kweli.

"Mjukuu wako si mgonjwa wala si mzito. Alichekwa na mtu ambaye hakuwa na haki ya kumcheka. Mtu kama huyo akikucheka huwezi kumrudishia, ndiyo maana inakaa ndani. Nami nikuulize wewe. Bibi na mjukuu si watani?"

"Watani."

"Lini mara ya mwisho umemcheka?"

Nikamwambia mtoto mwenyewe haongei, nimcheke nini?

"Hana haja ya kuongea yeye. Ongea wewe. Acha akucheke."

Nikaondoka nimefura. Mimi sichekwi. Nimepambana na madalali wa chumvi wa Chikongola huko Mtwara, nimepambana na mabwana wa ushuru, hakuna aliyenicheka akalala vizuri. Lakini nilipofika nyumbani nikakaa jikoni, nikamwona yule mtoto anaosha vidole vya miguu vilivyoungua, kimya. Nikamwita. Nikamwambia, "Nenda kwa jirani kaniombee chukari."

Akasimama kwenda.

"Mwambie chukari kidogo, chichi tumeichiwa. Na kama hana chukari anipe achali. Na kama hana achali anipe chamaki. Achiponipa kabicha nitachuchia."

Mtoto akageuka. Akaniangalia. Mdomo ukaanza kumcheza pembeni, akauziba kwa mkono. Nilisikia pumzi inamtoka puani. Nikalala na hiyo.

Ndala mpya nilinunua. Zaina akazichukua. Myao hakunidanganya.

Wakati huohuo wazazi wakawa wamechafuka. Ukaitishwa mkutano shuleni. Mwenyekiti wa kamati, mwenye duka la vipuri vya baiskeli, Mmakonde mwenzangu, aliniandaa kabisa niwe shahidi: nisimame niseme habari ya ndala na miguu ya mtoto iliyoungua, kisha wapeleke maombi mwalimu aondolewe.

Mwenyekiti akafungua. "Ndugu wazazi, mwalimu huyu anafundisha watoto wetu matusi. Juzi mwanangu mwenyewe amerudi nyumbani ananiita mla panya."

Sauti ikatoka nyuma, "Kwani huli?"

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akagonga meza. Myao akanyanyuka taratibu, akaenda mbele, akamwamkia vizuri, akamvua kofia kichwani, akaivaa yeye.

"Nipe kofia yangu, Mwalimu."

"Ikomboe, mtani. Swali jepesi. Mwanao yuko darasa la ngapi?"

"La tano."

Watoto walikuwa wamejaa madirishani. Sauti ikapaa, "La sita, baba!"

Mwenyekiti alibadilika rangi. Akasimama, mshipa wa shingo umemtoka, na nadhani angempiga. Mimi sikujua kama nitasema, nikashtukia nimeshasema: "Amekasirika! Alipe!" Ukumbi ukapokea, alipe, alipe. Kwetu hata mtu awe mkubwa vipi, hilo hakwepi. Akakaa, akajifuta uso, akasema atatoa unga wa muhogo wa uji wa watoto. Myao akamrudishia kofia kwa mikono miwili.

Lakini mkutano haukuishia hapo, maana kicheko hakimalizi malalamiko. Wakaniita mimi. Nikasimama. Nikawaambia, "Mimi nina haki ya kulalamika kuliko nyote hapa. Mtoto wangu anatembea peku na ndala nimenunua mara mbili. Na mdomo bado hajafungua. Lakini zamani alikwenda shule kwa woga, nambeba kama gunia. Siku hizi anakwenda mwenyewe, kakunja uso, kwa hasira. Woga mimi siujui kuutumia. Hasira naijua, nimejengea nyumba. Mwacheni Myao mpaka muhula uishe. Mtoto asiposema, nitamwondoa mimi mwenyewe, sitahitaji kamati."

Wakamwacha. Kwa hiyo muone palipokuwa pamefika: mdomo wa mtoto mmoja ndio uliokuwa umeshika kazi ya mtu mzima. Njiani nikamwambia Myao, "Umesikia nilivyosema?" Akasema, "Nimesikia." Nikamwuliza utafanya nini? Akasema, "Sina la kufanya. Nikimsukuma nimemharibu." Akaenda zake na suruali yake imekunjwa.

Muhula ulikuwa unaelekea ukingoni. Asubuhi moja, Myao kafika kizingitini, kaweka viatu chini, kainama kuosha miguu. Alipoinuka, viatu havipo. Somoe alikuwa amesimama katikati ya darasa, amevikumbatia.

Mnajua sheria. Aliyenyang'anya lazima aulize.

Zaina ndiye aliyenisimulia, akakatishwa na wengine kumi waliokimbia nyuma yake, kila mmoja anataka kuwa wa kwanza kunifikia. Anasema hata waliokuwa wakigombania ndala waliziachia. Myao kasimama mlangoni na miguu inadondosha maji. Akasema, "Viatu vyangu vina mtu. Uliza au rudisha." Hakumsaidia kwa neno jingine. Somoe akafungua mdomo ukafunga. Akafungua tena. Kisha akasema, polepole, lakini wote walisikia:

"Jibu langu lilikuwa chahihi. Kwa nini walicheka?"

Zaina, Mungu ambariki na pengo lake, akacheka. "Chahihi!" akasema. Na kabla hajamaliza akakumbuka sheria, akaenda mwenyewe ubaoni akaandika SAHIHI kwa herufi kubwa, akarudi akakaa. Somoe akamwambia, "Achante." Darasa likapasuka, na yeye, hapa watoto wote wanakubaliana, na yeye akacheka nao.

Myao hakucheka. Alijifuta mguu mmoja, akajifuta wa pili. Mwisho akasema, "Sina jibu." Na kwa kuwa swali hakulijibu, viatu hakuvipata. Siku ile alifundisha peku tangu asubuhi. Walimu wenzake wakichungulia, anaendelea. Mkuu wa shule alimwuliza viatu viko wapi, akasema vimezuiwa kwa sababu ya swali.

Mimi niliona mtoto anakuja mchana, kichwani kabeba viatu vyeusi vinavyong'aa, anatembea katikati ya njia, hatafuti kivuli. Akavitua mbele yangu. "Bibi," akasema, "vya Mwalimu. Nimemchinda."

Nikamwambia, "Umemchinda kweli?"

"Kweli kabicha."

Jamani. Nikaenda nyuma ya nyumba kama mtu anayetafuta kuni.

Alasiri Myao mwenyewe akabisha hodi, amevaa ndala za mkewe zenye maua. Nikampa mkeka. Hakunitazama mimi; alikaa akamwelekea mtoto kama watu wazima wenye shauri.

"Nimekuja kukomboa. Nimelifikiria swali lako mchana kutwa. Walicheka kwa sababu walikuwa wengi na wewe ulikuwa mmoja, na aliyeanzisha ni mkubwa wao. Kila mmoja alifurahi kuwa leo siyo zamu yake. Hawakulisikia jibu. Wangelisikia, wasingecheka."

Somoe akafikiri. Mtoto wa darasa la nne, kakunja miguu, anampima mwalimu wake. Akaniangalia mimi, nikatazama pembeni, maana hilo lilikuwa lao.

"Ni nuchu ya jibu," akasema.

"Nuchu?"

"Hujachema kwa nini mwalimu alicheka. Wale ni watoto. Yeye ni mwalimu."

Myao akachokonoa ukindu wa mkeka. Akasema, "Hilo sijui. Hilo kweli sijui."

Somoe akachukua kiatu kimoja akampa. Kimoja akakibakisha. Na Myao, walahi, alikipokea, akashukuru, akaondoka na ndala za maua miguuni na kiatu kimoja mkononi. Watu barazani wakamwuliza vipi, akawaambia, "Nimepata nusu."

Kesho yake asubuhi niliamka nimwamshe mtoto kama mazoea. Nikakuta kitanda kitupu. Alikuwa ameshakwenda, na kiatu.

Walikirudishaje sikuuliza, na mpaka leo hawasemi. Ninachojua, tangu hapo ndala zilirudi nyumbani, tena siku nyingine zikirudi jozi mbili, na Zaina anapita nje peku anamlaani. S nayo akaipata, polepole, kwa kuitaka mwenyewe. Sasa ana midomo miwili: wa ofisini wenye S safi, na wa nyumbani ambao ni wangu. Msinielewe vibaya, utani haukumsaidia kila mtoto. Wapo walioacha shule vilevile, wakaenda kwenye korosho, na Myao akaenda nyumba kwa nyumba kuwatafuta, wengine wakamfungia mlango. Nilimwambia siku moja hawa huwezi kuwapata wote. Akanijibu, "Najua. Lakini sitaki mmoja aje aseme hakutafutwa." Baadaye akahamishiwa shule ya mjini, na miaka ikapita, tukawa tunapeana salamu kwa watu wanaopita.

Alikuja kunitembelea mwaka huu, baada ya Idi. Amestaafu, anakaa Magomeni kwa mwanawe. Aliteremka kwenye bajaji nikamwona amepungua kidogo, mvi zimemjaa, lakini macho ni yaleyale ya kumtafuta mtu wa kumchokoza. Nikamkaribisha, hakuitika. Nikadhani ameanza maringo ya mjini. Kisha akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Sema kwa nguvu, Bi Chumvi. Masikio yangu yamestaafu kabla yangu."

Somoe alikuwepo, yuko likizo kutoka chuo. Alimwekea kiti uani, akakaa mbele yake, na mimi nikaenda kukaanga mihogo. Kwa hiyo mazungumzo niliyapata kwa mgongo.

"Unasomea nini?"

"Maabara, Mwalimu."

"Mahari? Nani anakuoa?"

"Maabara! Ma-a-ba-ra!"

"Aaa. Unapima watu damu."

"Napima chumvi!"

"Unapiga ngumi?"

"Chumvi, Mwalimu! Chumvi ya bibi!" Na hapo ule mdomo wa ofisini ukaanza kumtoka. "Nimeipima chuoni! Ni nyeupe, ni chafi, lakini ina kachoro!"

"Ina karoti?"

"Kachoro! Kachoro! Haina madini joto! Nimemwambia bibi tuweke, hataki! Anachema chumvi yake inajitocheleza!"

Nikasimama na mwiko mkononi. Chumvi yangu hiyo, ninayoiuza hapa hadi Mtwara mjini, inatangaziwa kasoro mbele ya barabara, na palikuwa na mteja kasimama nje na baiskeli yake anasikiliza kila neno. Nilitaka kutoka. Nilikuwa nimeshafika mlangoni. Nikawaona: Myao kajikunja mbele na mkono sikioni, anacheka machozi yanamtoka, na mtoto kasimama kabisa, mikono inaruka, shingo imemtoka mishipa, anapiga kelele ua mzima.

Jirani yangu, mama yake Zaina, akachomoza kichwa juu ya uzio wa makuti. "Bi Chumvi! Kuna nini huko? Mnapigana?"

"Hatupigani," nikamwambia. "Mjukuu wangu anaongea."

"Basi si apunguze sauti?"

"Hapunguzi," nikasema, nikarudi jikoni kugeuza mihogo kabla haijaungua.